Muuza miche aliyeenda kung'oa miti

Jumatatu

Nijitaje mwenyewe kabla hamjanitaja. Mi nina kitalu cha miche pale Uyole, huu mwaka wa tisa, na mche nnaouza kuliko yote ni mlingoti (wengine wanauita mkaratusi), wa pili paina, maparachichi yamekuja juzijuzi tu. Kwa hiyo jamaa wa jumuiya ya watumia maji Chimala aliponipigia kwamba wanapanda juu mpaka pembeni ya hifadhi ya Kitulo, kukagua miti na magugu yanayovamia vijito, na wanataka mtu anayejua mimea kwa macho, nikacheka kwanza. Nikamwambia kaka unampa fisi bucha alinde. Akasema ndo maana tunakuita, fisi anajua nyama ilipo.

Basi nikapanda kosta asubuhi, Inyala, Igurusi, Chimala. Chimala joto, nimebeba koti la Mbeya mkononi kama mtu aliyepotea. Tulikuwa sita: huyo kaka, dada mmoja afisa mazingira, mzee wa Matamba ambaye ndiye mwenyeji wetu, vijana wawili wenye nyengo na mapanga, na mimi fisi. Pikapu ikaanza kupanda Hamsini na Saba, wanaoijua wanaijua, ile barabara ya Matamba iliyopewa jina kwa hesabu ya kona zake. Vijana wakahesabu, mmoja kapata 54 mwingine 59, dereva akasema kila siku anabeba watu wanaohesabu na kila siku ndo haohao wanaotapika.

Katikati ya mlima tukasimama gari ipoe. Ukigeuka nyuma unaiona Usangu yote chini imelala bapa, mashamba ya mpunga yanang'aa kama mabati. Dada akatuonyesha kwa kidole: maji yanayotoka huku juu yanashuka kwa Chimala, Kimani na wenzao, yanaingia Ruaha Mkuu, yanapita kinamasi cha Ihefu, hifadhi ya Ruaha, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, mwisho yanaungana na Rufiji. Upande wa pili wa Kitulo maji yanakimbilia Ziwa Nyasa. Yaani mvua ikinyesha pale juu kuna tone linaenda kuwasha taa na kuna tone linaenda kwa samaki wa Kyela. Hilo sikulijua na nimeishi mkoa huu miaka yote.

Jumanne

Baridi ya Matamba hainaga salamu. Chai ya rangi, viazi vya kuchemsha na chumvi, tukaondoka.

Hatukuingia ndani ya hifadhi, ndani kuna wenyewe na taratibu zao (Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua). Tulikuwa kwenye maeneo ya kijiji yanayopakana. Pale juu ni kama mita 2,600 hivi na ardhi yote ni nyasi, nyasi, nyasi, vilima vya nyasi. Sasa mi muuza miche nikiona ardhi haina miti mkono unaniwasha, nikaropoka, hapa tupu pangekula miche elfu hamsini. Dada hakunijibu. Akachukua jembe akachimba bonge la nyasi na mizizi yake, akalikunja kama anakamua nguo, maji yakachuruzika mpaka kwenye gambuti zake. Akaniambia shika. Nikashika. Zito kama mtoto aliyelala. "Hilo ndo tangi la Usangu, sasa we panda paina juu ya tangi uone litabaki na nini kiangazi." Nyasi kiangazi zinakauka zinapumzika, paina iko kijani mwaka mzima na inakunywa mwaka mzima.

Paina zenyewe ziko hivi. Kuna mstari wa miti mikubwa mpakani mwa shamba la mtu, imepandwa vizuri kabisa, halafu upande ambao upepo unaelekea kuna vitoto vimetawanyika kwenye nyasi, vingine vya kiganja, vingine vinanifika kiunoni, hakuna aliyevipanda. Mbegu ya paina ina kibawa chembamba kama cha kumbikumbi. Mi hizo mbegu nimezishika kwa makilo, najua ukifungua mfuko penye upepo zinaruka, na huwa nakasirika zikiruka maana ni hela, lakini siku zote hizo sijawahi kujiuliza zinatua wapi.

Nikaanza kazi kwa mbwembwe kwa sababu mimi ndo mtaalamu. Mche wa kwanza nikaung'oa, nikaunyanyua juu, wote wanaangalia. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni akaangua kicheko mpaka akaweka mzigo chini. Kumbe nimeng'oa kichaka cha kwao, erika, mwenyeji wa milima hii, majani yake madogodogo membamba ukikiona kikiwa kichanga unaweza kuapa ni paina. Tofauti yake: paina hii tunayopanda sisi, ile iliyotoka Mexico, sindano zake ni ndefu, laini, zinaning'inia kama nywele zilizolowa, na ukizivuta zinatoka tatutatu kwenye kifuko kimoja. Erika majani mafupi yameng'ang'ania kijiti. Miaka tisa kitaluni nimekosea mche wa kwanza, nikaomba radhi kwa mama na kwa kichaka.

Kung'oa paina ni rahisi kama udongo umelowa, ndo maana tulikwenda Machi. Kinachofika kiunoni unakishika chini kabisa unavuta kinakuja na mzizi. Kikubwa zaidi unakikata usawa wa ardhi, chini ya tawi la mwisho, usiache hata tawi moja la kijani, maana paina ikikatwa hivyo haichipui, imekwisha. Ila ukiacha tawi moja inaendelea na maisha kama hukuigusa. Na usichome moto. Zile koni zake zinaweza kukaa zimefunga juu ya mti miaka, moto ukipita ndo zinafunguka zinamwaga mbegu kwenye majivu, umewalimia shamba. Tuling'oa tukihesabu mpaka 300 na kitu tukaacha kuhesabu.

Saa nane mwenye ule mstari akaja, bibi amejifunga kanga mbili, kafuatana na mjukuu. Kamwene, kamwene. Akauliza mmetumwa na nani. Mzee akamweleza taratibu kwa lugha yao, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa Kiswahili ili na sisi tusikie: hivyo vidogo ng'oeni hata leo sivijui, ila hii mikubwa ni ada ya huyu, akamgusa mjukuu kichwani. Hakuna aliyekuwa na jibu. Kaka akajaribu kusema ikishavunwa usirudishie upande ule wa juu, panda chini huku. Bibi akasema nitafikiri. Mi nilikuwa nimeangalia pembeni kwa sababu ile miche, kwa umri wake, na kwa kuwa Uyole vitalu vya paina tulikuwa wachache wakati ule, inawezekana kabisa imetoka kwangu. Sikuuliza.

Jumatano

Mkutano ofisi ya kijiji, agenda milingoti kwenye vyanzo. Hii siku nitaieleza kwa urefu maana ndo iliyonichosha.

Asubuhi kwanza tulienda kupima. Kuna chemchemi chini ya kijiji, wanawake wanachota, zamani ilikuwa inajaza ndoo moja wakati unasalimiana na mtu, sa hivi unasalimia, unauliza habari za nyumbani na za wakwe, bado. Tukavuta kamba kutoka jichoni mwa maji mpaka mlingoti wa kwanza: mita 11. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataa shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo ndani ya mita 60. Mita 60 ungeikuta katikati ya shamba la mahindi la mtu mwingine kabisa, kwa hiyo mwenye mahindi naye akaanza kunung'unika.

Mkutanoni akasimama mzee mwenye ile milingoti. Hakupiga kelele. Akasema wakati wa kata mti panda mti walikuja watu na gari, wakatupa miche bure, wakatuambia pandeni bondeni inakua haraka, nikapanda, mkuu akanishika mkono, leo mnakuja na kamba. Ukumbi kimya. Halafu akasema nguzo moja nikiuza nanunua mbolea, hiyo chemchemi ikijaa mtanipa nini mimi?

Dada akajibu jambo moja nililipenda, na kwa muuza miche lilinichoma. Akasema mlingoti sio mvamizi kama paina ya jana. Paina inatembea yenyewe kwa upepo. Mlingoti kwa huku kwetu hautembei hivyo, sisi ndo tunaubeba mpaka mtoni. Kwa hiyo ukitaka kuuzuia huzuii mti, unamzuia mtu. Na akaongeza kwamba mgeni sio lazima awe mbaya, mahindi ni mgeni, viazi mnavyokula asubuhi ni wageni, chai ni mgeni, hakuna anayesema tung'oe viazi. Watu wakacheka, joto likapungua.

Mwishoni walikubaliana mzee avune ile ya ndani kabisa kwa awamu, hela yake mwenyewe, asirudishie. Shida ni kwamba mlingoti ukiukata hujaukata. Kisiki kinatoa machipukizi kumi, ukiyaacha baada ya miaka michache una milingoti kumi penye mmoja. Inabidi urudi kila baada ya wiki kadhaa uyabandue yakiwa laini mpaka kisiki kichoke, au ung'oe kisiki kizima na sururu, na penye chanzo kung'oa nako kunabomoa ukingo. Dawa ya kupaka kisiki ipo lakini mita 11 kutoka kwenye maji ya kunywa, hapana. Kwa hiyo ni kubandua. Vijana wawili wa kijiji wakapewa kazi hiyo na nadhani wameshajuta.

Badala yake wapande mivengi. Mzee mwenyeji wetu alifurahi sana hapo, akasema utotoni ukiona mivengi unajua maji yapo, na mnakula zile tunda zake za zambarau mpaka ulimi unakuwa kama wa mbwa wa kichina. Wakaniuliza mimi, muuza miche, unayo mivengi? Sina. Miaka tisa hakuna mtu aliyewahi kuniomba mvengi.

Alhamisi

Mvua kutwa. Barabara haipitiki. Kuna mtu katoka Njombe na dumu la ulanzi. Sina la kuandika.

Ijumaa

Miwati. Hii nilikuwa naiogopa.

Kama huijui: majani kama manyoya ya kuku, madogodogo, kijani kizito, maua yake ni vipira vya njano iliyofifia vyenye harufu ya asali, maganda membamba kama shanga zilizobanwa. Ni ndugu wa migunga ya kule Usangu ila mwati hauna mwiba hata mmoja, hiyo ndo alama ya haraka. Umetoka Australia, wakoloni waliuleta kwa ajili ya gome lake lenye dawa ya kusindikia ngozi za wanyama, na Njombe kuna kampuni ya miwati tangu 1949. Ni mti mzuri, tusidanganyane. Mkaa wake unakaa, kuni zake zinawaka hata mbichi kidogo, nguzo za kujengea. Ila korongo lile tuliloenda, kutoka juu mpaka chini kwenye kijito ulikuwa ukuta wa miwati tu, chini yake hakuna hata jani la nyasi, udongo uko uchi na maji ya mvua ya jana yameuchana mifereji.

Sasa niseme yangu. Miaka mitatu nyuma baba mkwe alinipa kipande huko upande wa Njombe nilime viazi, kimejaa miwati. Nikaajiri watu wa chenso, wakakata yote, mkaa tukauza, matawi tukayakusanya tukatia moto shamba zima, nikampigia mke wangu picha za majivu, shamba jeupe. Mvua za kwanza zikaja. Wiki ya tatu napigiwa simu, njoo uone. Nilidhani ni majani ya viazi. Ardhi yote ilikuwa imeota miwati, sio mmoja hapa mmoja pale, ni kama zulia, ukiweka kiganja chini unafunika kadhaa. Mbegu za mwati zina ganda gumu, zinalala ardhini miongo, zinangoja, na moto ndo unazipasua ganda. Nilikuwa nimeziamsha zote siku moja. Baba mkwe aliniambia sentensi moja tu, "mwanangu, sasa umepanda", na mpaka leo nikienda kwake ananiuliza hali ya msitu wangu.

Mzee wa Matamba aliposikia hiyo hakucheka, akasema wote tumechoma. Akatuonyesha anavyofanya. Mti mkubwa haukati. Anapiga panga kuuzunguka usawa wa goti, halafu anabambua gome kutoka hapo kwenda chini mpaka linapoingia ardhini, linatoka vipande virefu vyenye unyevu, ndani jeupe linalogeuka wekundu ukiliangalia. Hakikisha hakuna utepe hata mmoja wa gome uliobaki, ukibaki wenye upana wa kidole mti unapitisha chakula hapo unapona. Ukikamilisha, unakauka ukiwa umesimama, kivuli kinapungua polepole, nyasi zinaanza kurudi chini, na ile mbegu iliyolala haishtuki yote kwa mpigo. Ukishakauka kata utoe kuni. Miche midogo ng'oa kwa mkono ardhi ikiwa imelowa, kila mwaka, kila mwaka, kila mwaka. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mimi nina miaka 70 na kitu, muulize mwanangu.

Afrika Kusini, dada alisema, wana mpango wa serikali tangu 1995 wa kuajiri watu wasio na kazi kukata miti vamizi kwenye mabonde ya mito, na mwati ni mmoja wa maadui wao wakubwa, na bado wanao.

Tulibambua miti 40 hivi. Mikono yangu mpaka leo rangi ya kahawia haitoki.

Jumamosi

Tukashuka. Kila kona koti linazidi kuwa zito, Chimala nikalivua kabisa.

Kando ya mto huku chini adui ni lantana. Bua lake lina pembe nne na vimiba vilivyopinda, jani linakwaruza kama msasa, ukilifikicha linanuka, maua katikati njano pembeni waridi kwenye kichwa kimoja. Wazee walilipanda liwe fensi na ua la uani. Ndege wanakula vitunda vyeusi wanakwenda kunyea ukingoni mwa mto, basi. Mfugaji mmoja akatuonyesha ndama wake, pua imechubuka kama imebabuliwa, macho ya njano, anakimbilia kivulini. Akadhani ni jua. Ni lantana, ng'ombe akiila ini linaharibika na jua linamchoma ngozi. Huwa hawaipendi lakini ng'ombe wageni, au wakati wa njaa, wanaila.

Tukakata, tukachimba lile shina la chini ambapo matawi yote yanaanzia, ukiliacha umepogoa tu. Na papohapo tukapachika nyasi za ukoka palipobaki wazi, maana ardhi wazi kando ya mto ikingoja wiki mbili inapata mpangaji.

Hapo katikati dogo mmoja akaja mbio, amepata gugu karoti! Tulikuwa na picha yake kwenye simu tangu Jumatatu, ile iliyoonekana Arusha mwaka 2010, majani kama ya karoti, vimaua vyeupe, inawasha ngozi na kuziba pumzi. Wote tukaacha kazi. Mi safari hii sikuwa na mbwembwe, nikachukua jani nikalifikicha nikanusa, harufu ikanipanda mpaka kwenye meno. Bangi mwitu. Naye katoka Amerika huko lakini tumeshamzoea yuko kila shamba. Dogo kanyong'onyea, nikamwambia bora ukimbie mara kumi bure kuliko ukae.

Jumapili

Siku ya mwisho Usangu, kwenye mfereji. Watu wanapalilia mpunga, mama ntilie ana wali wa palepale na dagaa. Walitaka tuwaambie wang'oe matete kwenye kingo, nikasema matete ni wa kwenu, yanashika ukingo, punguzeni njia ya maji tu.

Mkulima mmoja akauliza swali ambalo lilistahili kuulizwa siku ya kwanza: mkimaliza miwati yote huko juu, Ruaha itaacha kukauka? Maana tangu 1993 kule hifadhini kiangazi mto unasimama. Kaka wa jumuiya akawa mkweli, akasema hapana, sehemu kubwa ni huku, mifereji yetu hii, tunachepusha kiangazi na maji hayarudi mtoni. Miti ya juu inapunguza kinachofika, sisi tunamaliza kilichofika. Yule mkulima akaangalia mfereji wake, akarudi kupalilia.

Nikiwa kwenye kosta narudi Uyole, karibu na Igurusi, simu ikaita. Mteja wa zamani, anataka milingoti 2,000, hela anatuma leo nusu. Nikamuuliza shamba liko wapi. Akasema bondeni, pana maji mengi yananisumbua, nataka yakauke. Nikamwambia subiri kidogo kaka nashuka kwenye gari, ntakupigia. Sikuwa nashuka. Uyole ilikuwa bado mbali na simu nilikuwa nimeishika mkononi muda wote.